Mbuzi Sifuri

Dharau ya Nzilani haikuwa tabia ya kuokota njiani. Aliirithi. Baba yake, Mzee Ndululu, alikuwa mtu wa kumtazama mwenzake kuanzia viatuni, na akifika magotini tayari amekwisha kumkatia hukumu. Binti alichukua jicho hilohilo, akaliongezea diploma.

Diploma yenyewe ilining'inia ukutani ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu, katika chumba alichokodi nyuma ya duka la dawa za mifugo pale Mutomo. Hapo ndipo alipowafundisha vijana kutengeneza programu za simu. Mlangoni aliandika kwa rangi nyekundu: NZILANI DIGITAL, MAFUNZO YA KITAALAMU. Na chini yake, kwa herufi ndogo zenye nia mbaya: Wa YouTube hatupokei.

Alhamisi hiyo, saa nane mchana, aliketi mbele ya kompyuta yake akijifanya anafanya kazi. Alikuwa amevaa gauni la bluu ambalo wanafunzi wake hawakuwahi kuliona. Mafuta alikuwa amejipaka mara mbili. Ungemwuliza angekuambia ni kwa sababu ya jua la Mutomo. Uongo mtupu. Alikuwa anamngoja Kiema, na kila pikipiki iliyopunguza mwendo nje ilimfanya ainue shingo, kisha ajikasirikie kwa kuiinua.

Alimpenda. Hilo nalisema mapema, kabla sijaanza kumsema vibaya. Kiema alikuwa fundi wa simu pale sokoni, na mapenzi yao yalianza siku aliyomtengenezea simu iliyoangukia kwenye ndoo ya maji. Simu ilipona, lakini kila wiki mwenye simu alirudi na ugonjwa mpya: mara sauti iko chini, mara inapata moto. Fundi naye alikuwa anaufungua mgongo wa simu isiyo na kasoro yoyote, anaupuliza, anaufunga tena polepole. Mwaka ukapita hivyo, wakipendana chinichini, kwa sababu Nzilani hakutaka ijulikane. Mwalimu wa kompyuta na mtu wa kubandika vioo? Watu wangesemaje?

Halafu Kiema akafanya kosa la kuja darasani. Alisimama pale mlangoni, daftari mkononi, akasema anataka kujiandikisha. Nzilani akamwuliza mbele ya wanafunzi wote, kana kwamba hajawahi kumwona, "Umeshawahi kujifunza mahali?"

"Nimejifunza kidogo kwa video. YouTube."

"Basi rudi kwa YouTube ikupatie cheti," alimjibu, na darasa likacheka mpaka mwenye duka la dawa akagonga ukuta.

Kiema alifunga daftari lake, na wiki hiyohiyo akahamia Kyuso, kaskazini kabisa, kwa mjomba wake Kitheka mwenye duka. Miezi minane. Aliendelea kuandika ujumbe kila Jumapili, mfupi na wa heshima, na Nzilani alikuwa anaujibu siku ya tatu ili asionekane anaungoja.

Ujumbe wa Jumapili iliyopita ndio ulioleta gauni la bluu. "Mjomba na wazee wako tayari kuleta mbuzi wa ntheo kwenu Jumamosi," Kiema aliandika. "Lakini Alhamisi nitakuja Mutomo kwanza. Nataka nisikie kwa mdomo wako."

Ntheo si mchezo kwa Mkamba. Wale mbuzi wakipokewa nyumbani kwa msichana, huyo ni mke wa mtu, hata kama harusi ya kanisani itakawia. Wakikataliwa wanarudishwa kwa njia ileile, na kijiji kizima kinatoka nje kuwatazama wakirudi. Mzee Ndululu aliposikia alicheka kwa pua. "Mtu wa kubandika kioo? Hana hata karatasi moja." Lakini hakuwa mtu wa kumuuza binti wala kumfunga kamba. "Siku hiyo nitakuuliza mbele yao kama hao wageni unawajua. Ukisema huwajui, nitawarudisha na mbuzi wao. Maneno ni yako."

Maneno yalikuwa ya Nzilani, basi, na Nzilani hakuwa nayo. Moyo ulisema ndiyo. Jicho la baba yake, lililokuwa ndani ya kichwa chake mwenyewe, lilikuwa bado linatazama viatu.

"Hodi."

Alikuwa amesimama mlangoni na begi mgongoni, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amekonda kidogo na kuwa mweusi zaidi, na ile sauti yake ya chini ilimpita Nzilani kifuani kabla hajajiandaa.

"Karibu," alisema, akiitazama kompyuta. "Umepotea."

"Mimi sikupotea. Nilifukuzwa."

"Bado unakumbuka hiyo?"

"Niisahau namna gani? Kwa mlango umeiandika na rangi."

Nzilani akamwonyesha benchi. Kiema akaketi, akaweka begi magotini, akamtazama tu. Alimtazama jinsi mtu anavyotazama mawingu ya Oktoba, anataka kuamini lakini ameshawahi kudanganywa. Nzilani alihisi joto shingoni, na kwa kuwa hakujua la kufanya na joto hilo, akafanya lile alilolijua.

"Nasikia siku hizi una app huko Kyuso," alisema. "Ya kufanya nini? Ya kuchunga nzi?"

"Ya soko ya mbuzi. Mtu anapiga picha ya mbuzi yake, anaongea, anasema ni wa aina gani, anamtoa wapi. Mnunuzi anasikiliza sauti. Billow, yule anabeba mifugo na lori, anaitumia kila siku ya soko."

"Hakuna kuandika?"

"Wazee wa kule hawapendi kuandika. Wanapenda kuongea."

"Hiyo si app, Kiema. Hiyo ni kelele umeweka ndani ya simu." Akacheka, na kicheko kikatoka kikavu. "Na nani alikufundisha? Ama nisiulize."

"Uliza tu. Nilianza na video, sikatai. Lakini video ukiangalia moja mpaka mwisho unajiona umejua, halafu ukifunga unabaki kama ng'ombe mbele ya TV. So nikaacha kuangalia tu. Nikaingia kwa yale masomo ya bure ya wenye Android, yale unasoma kidogo, unafanya kidogo. Kitu ya kwanza nikatengeneza tochi."

"Tochi!"

"Tochi. Inawaka na kuzima. Halafu nikatengeneza ya kubadilisha debe za ndengu kuwa kilo, juu mjomba kila siku alikuwa anabishana na wateja. Kompyuta yangu ni ile mzee, haiwezi kubeba ile simu ya bandia inafungukanga ndani ya mashine. Nikaichomeka simu yangu na waya, najaribu hapo hapo. Na siku mashine ilikufa kabisa, kazi yote nilikuwa nimeihifadhi GitHub, huko mtandaoni, nikaichukua kwa kompyuta ya mtu mwingine."

Alikuwa anaeleza kwa furaha, kama mtu aliyesubiri miezi minane kumwelezea mtu mmoja tu. Nzilani aliiona hiyo furaha. Alijua kabisa ilikuwa yake, ilibebwa kutoka Kyuso kuletwa kwake. Na bado akasema:

"Tochi na debe ya ndengu. Ndiyo unataka kuleta mbuzi kwetu."

Nje mtu alikuwa anabishana na mwenye duka kuhusu dawa ya kupe, na maneno yao yote yaliingia chumbani kwa kuwa hakukuwa na mengine ya kuyazuia.

"Nzilani, nikuulize kitu. Unanidharau?"

"Mimi nimesema nakudharau?"

"Hujasema. Ndiyo maana nauliza. Mimi naweza kuoa mtu tunagombana. Naweza kuoa mtu baba yake hanipendi, nitamsalimia tu mpaka achoke. Lakini hiyo macho unaniangalia nayo saa hii, siwezi amka nayo kila siku. Niambie tu. Wazee wakuje Jumamosi ama wasikuje?"

Hapo ndipo msichana mwenye akili angesema neno moja. Nzilani, aliyekuwa na akili nyingi, alikosa hilo moja. Aliigeuza kompyuta upande wake kwa haraka.

"Niko na kazi. Wiki ijayo naonyesha programu yangu kwa kikundi cha wafugaji, na kuna kosa linanisumbua wiki tatu. Haya mambo ya wazee tutaongea baadaye."

"Kosa gani?"

"Hutaielewa."

"Nionyeshe nisielewe."

Alimsukumia kompyuta jinsi mtu anavyomsukumia mtoto msumbufu gazeti la zamani ashike ashike. Kiema akaivuta karibu. Programu iliitwa Zizi Langu, ya kumsaidia mfugaji kuweka rekodi ya mbuzi wake, chanjo, magonjwa, uzao. Ilikuwa nzuri kwa macho, hata Kiema alikubali kwa kutikisa kichwa. Akaingia nyuma, kwenye maandishi ya programu yenyewe, akayapitia polepole. Mahali fulani kidole chake kikasimama.

Nzilani aliona kiliposimama.

Kwa maana ukweli, msomaji, ni huu. Kule chuoni alikopewa ile karatasi ya dhahabu, kompyuta zilikuwa zimefunikwa vitambaa. Kwa miaka miwili waliichora kibodi kwenye karatasi na kukariri historia ya mashine. Hakuna aliyewahi kuwafundisha kutengeneza hata tochi. Kila kitu Nzilani alichokijua, alijifunza kitandani kwake kwa bando, kutoka kwa mwalimu mmoja Mhindi wa YouTube mwenye subira, ambaye mifano yake yote ilikuwa ya duka la mtu aitwaye Sharma. Na pale kidole cha Kiema kiliposimama, katikati ya programu ya mbuzi wa Kitui, Nzilani alikuwa amesahau kufuta jina: dukaLaSharma. Nyani haoni kundule.

Kiema alipita kama hakuona, akafungua orodha ya wazee waliojisajili kuijaribu.

"Hawa wote wako sifuri," alisema.

"Ndiyo hiyo kosa. Inakula namba. Mzee anaweka namba ya mbuzi, inaandika sifuri. Nimeuliza kwa vikundi vya mtandao, mtu wa Brazil akanipa dawa, wa Vietnam akanipa dawa. Nimefuta, nimeandika upya mara nne."

"Wewe ukiweka namba?"

"Mimi nikiweka inaandika sawa."

"Basi haikuli namba."

"Kwa hivyo Mzee Musembi hana mbuzi? Mzee Musembi, ule mbuzi zake zikivuka barabara lori zinazima injini? Amejaza sifuri! Hata baba yangu hapa, ona. Sifuri!"

Kiema akaifungua programu upya kama mfugaji mgeni, akasoma swali la kwanza kabisa lililotokea. Akalisoma tena. Kisha akainua macho, na safari hii hayakuwa macho ya mtu anayeomba.

"Nzilani. Umeuliza mzee wa Kikamba mbuzi zake ni ngapi?"

"Sasa nitafanya rekodi bila..."

Hakuimaliza. Mlango ulitiwa giza na Mzee Ndululu, chupa ya dawa ya minyoo mkononi, aliyekuja kupumzika kwa binti yake kama alivyofanya kila akija mjini. Kiema akasimama upesi, akampa mkono, na kwa mkono wa kushoto akajishika kiwiko kwa adabu. Mzee akaupokea huku akitazama viatu.

"Huyu ndiye wa vioo?"

"Ndiye mimi, mzee. Habari ya huko nyumbani? Mifugo iko salama?"

"Iko. Mungu anasaidia." Mzee akaketi. Jibu lilimtoka kabla hajakumbuka kwamba hampendi.

"Mzee, nisamehe, nina swali ya kijinga. Jioni ukifungia mbuzi, unajuaje wamerudi wote?"

"Si nawaona! Kama Kandoa hayuko, najua. Kama yule wa sikio moja hayuko, najua. Kwani wewe mama yako alikuwa anawahesabu watoto wake kwa kidole?"

"Na mtu akikuuliza ni wangapi?"

Mzee alikunja uso kama aliyeulizwa jambo la chumbani. "Nani mtu mzima anaweza kuuliza hivyo? Mali ukiihesabu kwa mdomo umeiitia fisi. Umeiitia ugonjwa. Hilo hata mtoto analijua."

"Baba," Nzilani alisema, na sauti yake haikuwa na diploma hata kidogo. "Kwa simu yangu, uliandika sifuri?"

"Niliandika."

"Wewe mwenyewe? Na mkono wako?"

"Sasa ningefanya nini, mwana wakwa? Hiyo simu yako iliniuliza kitu hata mama yako hajaniuliza, na amekaa kwangu miaka thelathini. Nikasema nisikuharibie kazi, wewe umesoma. Nikaweka ule mviringo. Musembi naye akaniuliza ataweka nini, nikamwambia weka mviringo, msichana ajisikie amesaidiwa."

Kama ardhi ya Mutomo ingekuwa laini, Nzilani angeingia. Alilelewa kwenye boma la mzee huyohuyo. Alipokuwa na miaka mitano aliwahi kuelekeza kidole zizini, moja, mbili, tatu, na nyanya yake akampiga kofi la mkono ambalo alilikumbuka mpaka leo kwa hasira. Kumbe lilikuwa somo. Wiki tatu amewasumbua watu wa Brazil, na jibu lilikuwa linakula ugali naye meza moja kila Jumapili, likimwonea huruma.

Mtu mwingine angecheka, mambo yakaisha. Nzilani aliumia, na alipoumia alikuwa anauma.

"Na wewe ulijuaje?" alimgeukia Kiema. "Ama hiyo pia Mhindi wa YouTube alikufundisha?"

"La," Kiema alisema polepole. "Mhindi hajafika kwa mbuzi. Yeye ni wa duka ya Sharma."

Nzilani akaifunga kompyuta.

"Ulijua lini?" Nzilani alinong'ona.

"Ile siku ulinifukuza. Ulikuwa umeandika kwa ubao, mfano wa duka ya Sharma. Somo ya tano. Nilikuwa nimeiangalia asubuhi hiyo hiyo."

"Miezi minane unajua. Na hukusema."

"Ningesema nini? Wanafunzi wako walikuwa hapo. Ningekuaibisha."

Hakulisema kwa majivuno. Alilisema kama jambo la kawaida, kwamba kuna mtu hamwaibishi, basi. Halafu akavaa begi lake mgongoni, akampa Mzee Ndululu mkono tena kwa adabu ileile.

"Mzee, nitawaambia wa kwetu wasikuje Jumamosi. Msijisumbue na mapishi. Nilikuwa nimekuja kuuliza kitu na nimejibiwa."

"Aii," Mzee alisema, na kwa mara ya kwanza hakutazama viatu.

Lakini ilikuwa saa tisa, na saa tisa darasa huingia. Kiema alipofika mlangoni alikutana na wanafunzi wakimiminika, Muthoki akiwa mbele na daftari lake lenye plastiki, na ikabidi arudi nyuma mpaka ukutani awapishe. Waliketi wakimtazama mgeni. Wawili watatu walimkumbuka, wakaanza kucheka kwa mikono midomoni.

"Mwalimu," Muthoki aliuliza, "si huyu ni ule wa YouTube?"

Nzilani alisimama mbele yao ndani ya lile gauni la bluu. Alijua kwamba akinyamaza tu, Kiema atapita mlangoni na heshima yake yote itabaki ukutani ndani ya fremu, haijaguswa, ya kumtosha kuzeeka nayo peke yake.

"Ndiye," alisema. "Na mimi pia ni wa YouTube."

Wakacheka, wakidhani ni mzaha.

"Sifanyi mchezo. Nyamazeni. Hiyo karatasi mnaona hapo, nilipewa kwa kuchora kibodi. Kila kitu nimewafundisha nilijifunza kwa video za bure, kwa simu, nikiwa kitandani. Huyu alikuja hapa akasema ukweli, na mimi nikamcheka ndiyo nyinyi msijue uongo yangu."

Mzee Ndululu aligeuza kichwa, akaikodolea macho diploma kana kwamba mtu amemwambia mbuzi aliyemnunua ni kondoo.

"Muthoki, andika. Sitarudia. Video ziko, ni nzuri, lakini usiangalie ya pili kabla hujafanya ya kwanza na mkono wako, na ukimaliza badilisha iwe yako, ufute majina ya wenyewe. Mimi sikufuta. Kuna masomo ya bure ya wenye Android, yana hatua kwa hatua. Niliwaambia hayafai juu niliogopa mtayamaliza mnipite. Kama kompyuta yako ni dhaifu, chomeka simu yako na waya. Usione aibu kuanza na kitu ndogo."

"Kama nini, mwalimu?"

"Kama tochi," Nzilani alisema. "Inawaka na kuzima. Na kabla uandike swali moja kwa hiyo app, nenda ukae na mtu ataitumia. Kaa, kunywa chai, sikiliza. Mimi niliuliza dunia yote, nikasahau kumuuliza baba yangu."

Kalamu zilikuwa zinakwenda. Hakuna aliyecheka. Nzilani alithubutu sasa kutazama ukutani. Kiema alikuwa bado amesimama pale, mikono kwenye kamba za begi, uso hausomeki.

"Umewaambia vizuri," alisema. "Lakini hao ndio umeambia. Mimi bado."

Sasa, msichana wa Kikamba hasemi mambo fulani mbele ya baba yake. Wapo wanaokufa na miaka themanini hawajayasema. Nzilani alimtazama baba yake, akaona jicho lile lililomlea nalo likimtazama, likingoja. Akaliacha likingoja.

"Nakupenda, Kiema," alisema. "Nimekupenda tangu ile simu ya ndoo, na haikuwa na ugonjwa wowote zile siku zote, nilikuwa naisingizia. Na nimekudharau. Yote mawili ni ukweli. Nilikudharau juu ulikuwa unafanya wazi kile kitu mimi nafanya nimejificha. Nisamehe. Kama huwezi leo, basi nitakuja mimi mwenyewe Kyuso nikuombe tena, watu wacheke, wacha wacheke."

Mzee Ndululu alikohoa kikohozi kirefu kisicho na mafua. Aliichukua chupa yake ya dawa, akaanza kusoma maandishi yake kwa bidii ya mwanafunzi, ingawa aliishika juu chini. Muthoki alikuwa ameacha kuandika.

Kiema hakusogea. Nzilani aliona kifua chake kikipanda na kushuka. Aliona pia alivyochoka, safari nzima ya vumbi kutoka kaskazini mpaka kusini kwa ajili ya neno moja, na alijua kama angekuwa yeye, asingesamehe. Angeondoka na kichwa juu. Lakini Kiema hakuwa yeye, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati kubwa ya Nzilani.

Kiema alitoa simu mfukoni, akapiga. Mjomba Kitheka alikuwa mtu wa kupayuka kwenye simu kana kwamba Mutomo ni ng'ambo ya mto, na darasa zima lilimsikia.

"Haloo! Umefika?"

"Nimefika, mjomba. Waambie wazee Jumamosi iko."

"Ati iko? Mbona sauti yako ni kama ya matanga? Huyo msichana amekubali ama amekuringia tena? Mimi sibebi mbuzi mpaka huko kusini kuja kuaibishwa!"

Kiema akamtazama Nzilani. Nzilani alivuka chumba mbele ya wanafunzi wake na baba yake, akaichukua ile simu mkononi mwake.

"Shikamoo, mjomba. Ni Nzilani. Nimekubali," alisema. "Na baba yangu yuko hapa. Baba, hao wageni wa Jumamosi, nawajua."